Kobalti inasafiri, mwenye staji anabaki kwenye benchi

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifungua kituo chake cha kuunda programu mjini Nairobi. Makampuni makubwa ya namna hiyo yana desturi ya kulipa vijana wa staji na kuwapa mtu wa kuwaongoza tangu siku za kwanza.

Huku Kambove mambo ni mengine. Kijana aliyesomea informatiki Likasi anazunguka na barua yake ofisi kwa ofisi. Akipokelewa, juma la kwanza anakaa kwenye benchi, la pili anatumwa kufotokopi karatasi. Nauli ya kwenda na kurudi inatoka mfukoni mwa mzazi. Mwishoni anapewa cheti chenye muhuri, lakini kompyuta hakuigusa. Kesho ataambiwa hana uzoefu. Ataupata wapi?

Na hata hivyo, Congo ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayoingia kwenye betri za simu na kompyuta.

Njia ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na iandikiane nao daftari la ahadi. Humo mara nyingi wanaomba visima, shule na barabara. Ni vizuri. Lakini waongeze mstari mmoja: staji yenye nauli, yenye mwalimu, yenye kazi ya kweli. Machifu na wajumbe wa wakaaji wasisaini bila mstari huo.