Pisini ya muji ni ya nani?

Mwezi huu tuongee juu ya kuogelea. Ninajua wengine watanuna: "Unga iko bei, masomo inaomba feza, na huyu anatuletea habari ya pisini!" Mungoje kidogo. Habari yenyewe ni ya watu wa migodi sawa sisi, na ndani yake muko swali moja lenye kutugusa: kitu kilichojengwa kwa ajili ya watu wote, siku kampuni inapoondoka, nani atakibeba?

Huko Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, kuko muji mudogo unaitwa Pontypridd, pale mito Taff na Rhondda inakutana. Mabonde ya kule yalikuwa mabonde ya makaa ya mawe, sawa Luena yetu, lakini mingi zaidi. Mwaka 1920 serikali ikaweka sheria: kila mwenye mugodi atalipa peni moja kwa kila tani inayotoka chini, na feza ile itaingia katika mufuko wa maisha mazuri ya wachimbaji na jamaa zao. Peni moja ni kitu gani? Wakati ule peni 240 ndizo zilifanya pauni moja. Lakini mwaka 1923 inchi ile ilitosha tani zaidi ya milioni 270. Gawanya mwenyewe: ni kupita pauni milioni 1 kwa mwaka mumoja! Feza ile ikasaidia kujenga nyumba za mikutano na za kusomea vitabu, viwanja vya mupira, na nyuma yake nyumba za kuogea kwenye migodi, ili baba asirudie nyumbani mweusi ti na mama asichemshe maji kila mangaribi.

Pontypridd ikapata parke yake mwaka 1923, kwa kukumbuka vijana waliokufa katika vita ya 1914-18. Ndani ya parke ile, mwaka 1927, wakafungua pisini kubwa ya wazi. Watoto wa wachimbaji wakajifunza kuogelea mule. Jenny James, binti wa muji ule, mwaka 1951 alivuka kwa mikono yake bahari inayotenga Ufaransa na Uingereza.

Halafu makaa ikaanza kupunguka. Mugodi wa mwisho wa bonde la Rhondda, unaoitwa Maerdy, ulifungwa mwezi wa kumi na mbili 1990. Pisini ya Pontypridd ikafungwa 1991. Sisemi kwamba moja ilizaa ingine kama mama na mutoto. Lakini watu wa Kolwezi hawahitaji nifasirie mingi: Kamoto ilianguka mwaka ule ule wa 1990, na nyuma yake tuliona kitu kimoja kimoja kinadhoofika, hospitali, masomo, cercle, mupaka hata taa za barabarani.

Sasa sikilizeni, juu hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanafikiri kufunga ni kuchunga feza. Ulizeni mufundi yeyote wa pompi. Mugodi ukizima pompi, maji inapanda, na siku unataka kurudia, utalipa mara kumi. Pisini ni ndugu ya mugodi, ila kinyume: yenyewe maji ikitoka, sima inapasuka, udongo unasukuma kuta kutoka inje, mabomba yanakula kutu, na vijana wanabeba vyuma. Pisini iliyolala miaka mbili si ile uliyoifunga. Pisini ya Pontypridd ililala miaka 24. Walipoifungua tena, mwezi wa munane 2015, kuitengeneza kulikula zaidi ya pauni milioni 6. Feza ilitoka kwa komine yao, kwa serikali ya Wales, kwa Umoja wa Ulaya, na kwa loteri ya inchi inayosaidia majengo ya zamani. Ni nani kati yetu iko na wajomba wane wa namna ile?

Kwa hiyo mimi ninapenda zaidi habari ya muji mwingine, Stonehaven, huko Uskoti, kando ya bahari ya kaskazini yenye baridi ya kukata mifupa. Pale hapakuwa kampuni. Ni muji wa wavuvi na wageni wa likizo. Pisini yao ilifunguliwa 1934, metre 50 kwa urefu, maji ya chumvi iliyochujwa. Siku hizi wanaipasha moto mupaka digri 29. Wageni wakaanza kupanda ndege kwenda kutafuta jua huko Espania, feza ya mulangoni ikapunguka, na katikati ya miaka ya 1990 wakubwa wa muji wakafikiri kuifunga.

Wenyeji hawakungoja wafunge ndipo walie. Walifanya kundi la marafiki wa pisini, wakaenda kuongea na komine, na mapatano yakawa hivi: komine inaendelea kuiongoza, na marafiki wanaleta mikono na feza ya kuongeza. Wao wanapaka rangi, wanafagia, wanatafuta feza ya matengenezo. Na wakapata akili moja ya kuchekesha: usiku fulani wa kiangazi pisini inabaki wazi mupaka saa sita ya usiku, watu wanaogelea chini ya nyota. Watu wanatoka mbali juu ya ile tu! Mwaka 2024 pisini ile ilitimiza miaka 90, na maji ndani.

Mama mumoja atauliza: sisi tuko na nini na mambo ya kuogelea? Mama, tazama karieri za zamani zilizojaa maji, na watoto wanaoruka mule siku ya joto. OMS inasema mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa maji katika dunia, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka tano. Mutoto anayejua kuogelea, na anaye pahali penye mulinzi, si sawa na ule anayejifunza peke yake katika shimo lisilojulikana mwisho.

Na ile peni ya wachimbaji, hata sisi tuko nayo, kwa jina lingine. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mwezi wa tatu 2018 inaomba kila kampuni yenye kuchimba itoshe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya watu wanaoguswa na mugodi. Kwa dola 1,000, ni dola 3. Na watu wa pale wanapaswa kuwa na sauti katika kuamua. Sisemi pisini itangulie bomba la maji ao maternité. Hapana, ningekuwa mujinga. Lakini hata bomba, hata maternité, hata kiwanja, swali ni lile lile. Siku kamati ya kwenu inakaa na kampuni, musifurahie tu picha ya kukata utepe. Ulizeni: mwaka wa tatu, kuran ya pompi nani atalipa? Mufungulo uko kwa nani? Mulinzi anakula mushahara wa nani? Na karatasi ya kiwanja, imeandikwa jina gani? Watu wa Pontypridd walikuwa na majibu: mwezi wa pili 2020 muto Taff ulifurika, ukajaza pisini matope, na mwaka 2021 watu wakaogelea tena.

Kama katika kambi yenu kuko pisini ya zamani, mutuandikie. Iko na maji, ao inafuga vyura? Nani alifunga, mwaka gani, na nani angali na mufungulo?