Kansa ya shingo ya kizazi: kwa mama mwenye VIH, gharama kubwa ni safari ya pili

Kutoka Iga Barrière mpaka Bunia ni kama kilomita 25 kwa barabara ya taifa namba 27. Ukisikia hivyo, iko karibu. Lakini kwa mama anayeishi na VIH, mwenye kutafuta maisha shambani ao kwenye machimbo ya dhahabu, ni pesa ya pikipiki na siku nzima bila kazi. Na vita vya Djugu vimefunga ile barabara mara nyingi. Ndiyo maana tukizungumzia kipimo cha bei ndogo cha kansa ya shingo ya kizazi, tusihesabu bei ya kipimo tu. Tuhesabu na safari.

Kwa nini mama hawa kwanza? Kansa hii inaletwa na virusi vya HPV, vinavyopita kwa njia ya ngono. Mara nyingi mwili unaviondoa wenyewe, lakini mwili wenye VIH unashindwa upesi. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema hatari yao ni mara 6 kuliko ya wanawake wasio na VIH. Linaomba waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, wakati wengine wanaanza kwa miaka 30.

Kipimo cha bei ya chini kabisa ni siki, ile tunaita vinegre. Muuguzi anapakaa asidi yake yenye nguvu kidogo, anangoja dakika moja, na penye shida panageuka peupe. Hakiombi laboratware, na jibu linatoka palepale. Ubaya wake, yote yanategemea jicho la muuguzi, na kwa mama aliyepita miaka 50 mara nyingi hakionyeshi vizuri.

Kipimo cha HPV kinaona zaidi, na mama anaweza kujichukulia majimaji mwenyewe. Kinafanyika kwa mashini ya GeneXpert, aina ileile inayopima kifua kikuu. Lakini kinaomba pesa zaidi. Tena, wengi wenye VIH watakutwa na HPV bila kuwa na kidonda, kwa hiyo lazima waangaliwe tena kujua nani anahitaji matibabu. Kama mashini iko mjini na mama yuko Iga, hiyo ndiyo safari ya pili. Ni hapo wengi wanapotelea.

Zambia ilijaribu njia nyingine. Tangu 2006, mjini Lusaka, wauguzi walianza kupima kwa siki ndani ya vituo vya kawaida, pamoja na huduma ya VIH, na vidonda vingi vilitibiwa siku ileile. Leo kuna chombo kidogo cha betri kinachochoma kidonda kwa joto. Kila mguso ni sekunde 20 mpaka 30. Kidonda kikubwa, ao kinachoshukiwa kuwa kansa, ndicho kinatumwa hospitali.

Basi tusiulize wakubwa wa afya tu kama kipimo kitafika. Tuulize: siku mama anakuja kuchukua dawa zake za VIH, muuguzi aliyefundishwa atakuwepo? Na chombo cha kuchoma je? Kupima bila kutibu ni kumrudisha mama nyumbani na hofu tu.

Na wewe mama, ukiona damu baada ya tendo la ndoa, ao baada ya hedhi kukoma, usingoje siku ya dawa. Enda kituoni upesi.