KUSHUKA CHINI CHINI SI USHUJAA

Ndugu wafanya kazi,

Juzi tulikuwa barazani Mji wa Kale, vikombe vya kahawa mkononi, tukaona ndege ikienda kutua kiwanja cha Moi, kule Port Reitz. Bwana mmoja akasema, "Rubani hodari hushuka chini chini. Akikosea, si ataangukia maji tu?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Maji tu? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kiwanja cha Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Waliotangulia kuwaokoa ni wavuvi. Maji si godoro.

Ndege haishuki kwa kubahatisha. Kwa kawaida hufuata mteremko wa digrii 3, yaani kama futi 300 kwa kila maili ya bahari. Viwanja vingi vina taa nne kando ya njia. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa. Zote nne nyekundu, uko chini mno. Sisi wa reli twaijua nyekundu, na dereva anayeipita hatumwiti shujaa.

Tena kosa laweza kuwa neno moja. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya British Airways ilikuwa ikishukia Nairobi ndani ya mawingu. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Marubani wakaelewa 5,000. Na kiwanja chenyewe kimepita futi 5,300! Walipoiona ardhi wakaiinua ndege upesi. Ilikuwa imebaki kama futi 70 tu.

Ndiyo maana amri ya njia hurudiwa neno kwa neno, na aliyeitoa husahihisha. Lakini mdogo atathubutuje kuuliza, ikiwa akiuliza mara ya pili huitwa kiziwi? Nimeyaona kazini: kijana aliuliza tena, akafokewa mbele ya watu. Tangu siku ile haulizi, huitikia tu "Ndiyo, Bwana." Je, huo ndio usalama?

Twadai hivi: anayeuliza tena asiadhibiwe, awe wa ndege, wa reli au wa bandari. Nanyi ndugu, msione haya kusema, "Rudia, Bwana." Aibu ya kuuliza ni ya siku moja; msiba ni wa watoto wetu.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli,
Mombasa