Bastola ya kale si mlinzi wa nyumba

Msimu wa baridi uliopita nilikwenda kumtembelea binti yangu Buffalo, jimbo la New York. Yeye na mumewe wanakaa jirani na Grant Street, upande wa magharibi wa mji, na mumewe ana duka dogo la mchele, viungo na kadi za simu. Wengi wenu hapa Maskati, Dubai na Doha mna watoto huko Marekani, kwa hiyo naona habari hii inawahusu.

Grant Street si mtaa wa matajiri. Upande wa kaskazini kuna chuo kikuu cha Buffalo State, na ukishuka kusini unapita maduka ya watu wa Burma, Wasomali na Wakongo. Pale nambari 25 lilikuwepo soko la wahamiaji liitwalo West Side Bazaar, mpaka moto wa 2022, kisha likahamia Niagara Street. Nilikuwa nikitoka kwenda kununua mkate nasikia Kiswahili cha Bukavu njiani, moyo unatulia kama niko Mwembe Tayari.

Sasa, siku moja baada ya chakula cha usiku, mkwe wangu akaniambia, "Baba, ngoja nikuonyeshe kitu." Akaenda chumbani akarudi na bastola. Ndogo, inaenea kiganjani, chuma cheusi kilichopauka kingoni, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Jina la kiwanda silitaji, maana ninayotaka kusema hayahusu kiwanda kimoja. Ana leseni, na alinunua kwa njia ya halali kutoka kwa mzee mmoja wa Kimarekani. Akaiweka mezani kwa heshima, kama mtu anayeonyesha khanjari ya babu yake.

"Haijawahi kunikwamia hata mara moja," akasema.

"Umepiga risasi ngapi?"

"Boksi moja, baba. Hamsini."

Akachomoa magazini, akaiweka kando. "Haina kitu sasa."

Mimi sikuigusa, kwani huko asiye na leseni hatakiwi kuishika. Lakini nimefundisha fizikia zaidi ya miaka 30 katika sekondari ya misheni, na maabara ilinizoesha kutokubali neno "haina kitu" mpaka nione kwa macho. Nikamwambia, "Elekeza ukutani, vuta chuma cha juu nyuma." Akavuta. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye zulia, ikabiringika mpaka chini ya kochi, pale mjukuu wangu anapoegesha vigari vyake. Mjukuu wangu ana miaka sita.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Binti yangu aliinuka akaenda jikoni.

Ndugu zangu, nataka kusema jambo moja tu. Bastola ya kale huwezi kuiamini kwamba italia unapoitaka, na huwezi kuiamini kwamba itanyamaza usipoitaka. Chombo cha namna hiyo ni kumbukumbu. Mlinzi wa nyumba hakiwezi kuwa.

Tuzipe haki yake kwanza. Bastola hizi ndogo zinazojipakia zenyewe zilikuwa kazi ya mafundi wakubwa. Mmarekani John Browning, aliyezaliwa Utah mwaka 1855, ndiye aliyefungua njia. Colt ikatoa ya mfukoni mwaka 1903, FN ya Ubelgiji ikatoa ya 1910, Walther ya Ujerumani ikaleta PP mwaka 1929, na Beretta ya Italia ikaleta ya 1934, ambayo maafisa wa Kiitaliano walikuwa nayo Ethiopia na Somalia mpaka walipotolewa huko na Waingereza mwaka 1941. Ni nyembamba, nzuri machoni, hazijai mfukoni. Namwelewa anayezipenda.

Atasema mtu, "Mwalimu, hizo hizo ndizo zilizobadilisha dunia." Kweli. FN ya 1910 ndiyo iliyomuua mrithi wa kiti cha Austria pale Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Beretta ya 1934 ndiyo iliyomuua Gandhi kule Delhi tarehe 30 Januari 1948. Lakini fanyeni hesabu. Ile ya kwanza haikufika miaka mitano, na ya pili, hata kama ilitoka kiwandani mwaka ule ule wa 1934, ilikuwa na miaka 14. Ya mkwe wangu inakaribia 90.

Na umri una kazi yake. Hebu nieleze kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Katika nyingi ya bastola hizi hakuna kufuli inayoshika mtutu na chuma cha juu wakati risasi inapolia. Breki ni mbili tu: uzito wa chuma chenyewe na nguvu ya springi. Risasi inapotoka mbele, ganda linasukumwa nyuma, chuma kinarudi, ganda linatupwa nje, springi inarudisha chuma mbele, nacho kinakokota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Yote hayo ni kufumba na kufumbua, katika nafasi fupi kuliko kidole. Springi ikichoka kidogo, mafuta yakiganda kidogo, mkono ukilegea kidogo, mpangilio wote unaharibika. Ganda linabanwa mlangoni, au risasi mpya inagonga ukuta badala ya kuingia tundu.

Magazini ndiyo ugonjwa mkubwa. Kile kibati kina midomo miwili juu inayoshika risasi kwa pembe yake. Ikipinda kiasi cha unene wa ukucha, basi tena. Na magazini za asili zimeadimika, kwa hiyo watu wananunua za kuiga.

Halafu kuna risasi zenyewe. Bastola za zamani zile zilichongwa kwa risasi yenye ncha ya mviringo. Siku hizi dukani wanakuuzia yenye tundu kwenye ncha, wanasema ndiyo bora kwa kujilinda. Tundu lile linajikwaa pale pa kuingilia chemba. Tena risasi ya milimita 7.65 ina ukingo mdogo kwenye kitako, uliotokeza nje kidogo ya mwili wake. Ukitia risasi fupi kuliko zile ambazo magazini iliundiwa, ukingo wa ile ya juu unaweza kunasa nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Zikishikana hivyo, hata ufanye nini haziendi mpaka uzitoe zote kwa mkono. Hebu fikiria unafanya kazi hiyo gizani, mwizi yuko mlangoni.

Wiki ile ile tulikwenda naye kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mimi nikabaki nyuma ya kioo. Alipiga risasi 40. Ilikwama mara tatu, zote kwa risasi zenye tundu. Wazee wawili waliokuwa pale, wapenzi wa vyombo vya kale, wakaja kumpa pole na kila mtu akatoa yake. Mmoja alisema ya kwake inakula za mviringo tu, nyingine inatema. Wa pili alituonyesha kovu kati ya kidole gumba na cha shahada, chuma cha juu kilimkata kiliporudi, kwa sababu kishikio ni kifupi na mkono wake ni mnene. Nikawauliza, "Mnazitumia kulinda nyumba?" Wakacheka wote wawili. Mmoja akasema anayo kwa ajili ya Jumamosi tu.

Kuhusu lile neno la "haijawahi kunikwamia", hapa ndipo ninapowaomba muwe wanafunzi wangu kidogo. Tuseme bastola ina tabia ya kukwama mara moja katika risasi 100. Ukipiga 50, nafasi ya kutoona kasoro yoyote ni kama 60 kwa 100. Yaani bastola mbovu ina uwezekano mkubwa zaidi wa kufaulu mtihani wako kuliko kufeli! Ukipiga 200, nafasi hiyo inashuka mpaka kama 13 kwa 100. Sasa mwenye boksi moja anajivunia nini? Hajaipima. Imempendeza tu, naye anaita mapenzi hayo ushahidi.

Hayo ni upande wa kukataa kulia. Upande wa kulia bila kutakiwa ndio unaoninyima usingizi. Nyingi za zamani hazina kile kizuizi cha ndani kinachoshika pini mpaka kidole kivute triga, kwa hiyo zikianguka vibaya zinaweza kufyatuka. Wala si za kale tu, hata umbo lile la kale likitengenezwa upya lina mitihani yake. Februari 2009 kampuni ya Smith & Wesson iliwataka wenye Walther PPK na PPK/S ilizozitengeneza tangu 2002 wazirudishe, kwa sababu zingeweza kutoa risasi wakati nyundo inashushwa, bila triga kuguswa. Ikiwa kiwanda chenye mitambo na wahandisi kimekosea, fundi wa uchochoroni aliyebadilisha springi mwaka 1960 tutamjua vipi?

Na kosa kubwa kuliko yote ni lile nililoliona mezani. Kutoa magazini si kutoa risasi. Moja hubaki chembani, kimya. Mtoto hajui, na mkubwa anadhani anajua, ambayo ni mbaya zaidi. Khanjari ya babu ukiitundika ukutani miaka 50 haitachomoka yenyewe.

Mkwe wangu si mjinga, na sikumdharau. Aliniambia, "Baba, wewe hukuwepo mwaka 2022." Anakusudia tarehe 14 Mei, pale supamaketi ya Tops, Jefferson Avenue, upande wa pili wa mji huo huo, kijana mbaguzi alipoua watu weusi 10 wakinunua chakula. Naye anafunga duka usiku, peke yake, na fedha mkononi. Hofu yake ni ya kweli. Lakini hofu ya kweli haistahili dawa ya uongo. Kama sheria imemruhusu silaha na yeye ameona hana budi, basi iwe chombo kipya kilichopimwa, na yeye mwenyewe afunzwe sawasawa. Si cha mwaka 1930 na kitu kwa sababu kinapendeza.

Sheria ya New York nayo haichezi. Kila bastola huandikwa kwenye leseni ya mwenyewe. Tangu 2022, kwenye nyumba anayoishi mtu chini ya miaka 18, silaha ambayo haiko mikononi mwa mwenyewe lazima ifungiwe au itiwe kufuli. Na mwenye leseni akifa, wasimamizi wa mali yake wana siku 15 tu kuihamisha kihalali au kuikabidhi. Sasa niambieni, mjane wetu aliye msibani, nyumba imejaa watu, Kiingereza cha sheria hakijui, nani atamkumbusha siku 15? Sisi tunajua kugawa mirathi mpaka bangili ya mwisho, lakini kitu kilichoko ndani ya droo hakuna anayekitaja.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu. Simu ya Ijumaa, baada ya salamu na habari za baridi, muulizeni mwanenu maswali matatu. Kuna silaha nyumbani? Chemba umeiangalia kwa macho yako? Ufunguo uko kwa nani? Msione haya. Akikwambia bastola ni ya kale, ni ya thamani, ni ya kumbukumbu, mwambie vizuri sana, basi itunzwe kama kumbukumbu: tupu, imefungiwa, risasi mahali pengine, au auziwe mwenye duka la silaha mwenye leseni. Na akija likizo, isije ikaingia kwenye sanduku la safari ati anamletea baba zawadi. Huko ni kumfunga mtoto wako uwanja wa ndege.

Watu wetu wanapenda kusema ajali haina kinga. Hii ina kinga, tena ni sefu ndogo ambayo mkwe wangu aliinunua kesho yake. Kuhusu kuiuza bado tunabishana. Kila nikipiga simu ananiambia, "Baba, ntafikiria." Nami kila nikipiga namwomba kwanza anipe mjukuu wangu nisikie sauti yake.