Mlango wa Watu Haujengwi kwa Majaribio

Mwandishi anayedai kwamba Django, mkusanyiko wa zana za kujengea tovuti kwa Python, ni mzigo, na kwamba kumwingiza mtumiaji kwa barua pepe ni mistari michache tu ya Python, amehesabu mistari akasahau wezi.

Jambo moja nakubaliana naye: anayejifunza na ajenge kwa mkono wake, aelewe. Lakini watu wakishaweka nywila zao kwenye mfumo wako, hesabu inabadilika.

Chukua linki ya kubadili nywila. Niliwahi kuiandika mwenyewe, tokeni, yaani msimbo wa siri ulio ndani ya linki, nikaitoa kwenye moduli ya Python iitwayo random. Ilifanya kazi vizuri, na hatari ilikuwa hapo hapo: anayekusanya matokeo 624 mfululizo ya biti 32 anaweza kukokotoa yajayo. Moduli ya secrets, iliyoundwa kwa kazi hii, ipo tangu Python 3.6 ya mwaka 2016. Tena linki lazima iishe muda, itumike mara moja tu, na ukurasa usifichue kama anwani imesajiliwa. Django inayatimiza hayo yenyewe, na nywila haiihifadhi ilivyo. Kwa kawaida huipitisha kwenye PBKDF2, kanuni inayofanya kubahatisha nywila kuwe kazi ndefu, na katika matoleo ya sasa ni mara milioni moja au zaidi.

Mfumo ukivunjwa, anayeumia kwanza ni yule aliyetuamini. Tusijaribie ufundi wetu kwake.