MAONI YETU: NANI AHESABUYE VIKOHOZI VYETU?



Wenzetu wa Ruiru wanajua kwamba mti wa kahawa una mabingwa wake. Ugonjwa wa chulebuni ulipoharibu kahawa, wataalamu wa kituo cha utafiti hapo Ruiru walihangaika miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa mbegu ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo. Ni kazi njema, wala hatuionei wivu. Twauliza tu: yule achambuaye kahawa hiyo katika vumbi la kinu, kifua chake kimepimwa na nani?

Elimu yake ipo, nayo ni epidemiolojia. Daktari wa hospitali humtibu mmoja mmoja. Mwenye elimu hii huuliza kwa nini wamekuja kumi kutoka chumba kimoja cha mashine. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilianzisha mafunzo ya namna hiyo, ya miaka miwili, kwa madaktari, waganga wa mifugo na watu wa maabara. Hapo mwanzo shahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pale Juja, kati ya Ruiru na Thika. Sehemu kubwa ya mafunzo hufanywa nje, si darasani.

Mwaka huo huo sumu ya kuvu iliingia katika mahindi. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, na Thika pia iliguswa. Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na wazima 80, wakapima damu na mahindi yao, wakauliza kila mmoja alivyoweka chakula chake. Ikadhihirika kwamba mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu ndiyo yenye hatari. Bila kuwalinganisha wagonjwa na wazima, jambo hilo lingebaki uvumi.

Huko Tanzania wachunguzi waliingia viwanda vya kahawa, wakaona wafanyakazi wa humo wanakohoa kupita wenzao wa viwanda vingine. Hapa kwetu mtu akikohoa huambiwa aache sigara, hata asiyevuta!

Twataka madaktari wanaosomea kazi hii waletwe katika vinu vya Ruiru, mashamba ya mananasi na viwanda vya Thika. Wasome huku wakilipwa mshahara wao na Serikali, wasije wakamtegemea mwenye kiwanda wanachokichunguza. Waajiri wafungue milango. Na matokeo tusomewe sisi kwanza, kwa Kiswahili, kabla hayajafungiwa kabatini.

Makatibu wa matawi waanze sasa kuandika daftarini: kazi ya mtu, miaka yake kazini, siku alizougua na ugonjwa wenyewe, bila jina. Daftari ziletwe ofisini pamoja na michango ya mwezi.