Themostati Irudishwe Mahali Pake

Kung'oa themostati katika injini ya gari la zamani, kwa hoja kwamba Tanzania ni nchi ya joto na kifaa hicho kilikusudiwa nchi za theluji, ni uharibifu wa mali ya mtu, na kwamba uharibifu huo hufanywa kwa nia njema, mchana kweupe na kwa malipo, hakuupunguzii uzito hata kidogo. Themostati ni valvu ndogo inayoenea kiganjani, nayo hukaa juu ya injini pale mpira wa maji unapotoka kuelekea kwenye rejeta. Ndani yake mna kibweta cha shaba kilichojazwa nta, ambayo ikipata moto hutanuka na kuisukuma valvu ifunguke, na ikipoa hunywea na kuiacha springi iifunge tena. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 liko kati ya digrii 74 na 88 za Selsiasi, na namba hiyo hupigwa chapa kwenye kifaa chenyewe ili asiwepo wa kubahatisha.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii hawahitaji kuelezwa upya habari za kopo la Blue Band. Kwa faida ya wageni, inatosha kusema kwamba karibu kila gereji yenye umri wa kutosha ina kopo la aina hiyo kwenye rafu, limejaa themostati zilizotolewa katika magari ya watu kwa miaka mingi, na kwamba hakuna hata moja kati yake iliyowahi kupimwa kabla ya kuhukumiwa.

Wiki hii kopo hilo limeonekana tena, safari hii katika ua wa mwalimu mmoja mstaafu wa Arusha, mwenye Land Rover ya Series III, ile ndefu ambayo wengi huiita 109 kwa sababu umbali kati ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Gari hilo, ambalo aina yake ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, lilichemsha katika mpando wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, pale barabara inapokwea ukingo wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara likabaki chini upande wa kushoto, na likarudishwa nyumbani kwa kuvutwa na kamba. Fundi aliyelihudumia mwezi uliotangulia aliitwa, akaja kwa adabu zake zote, akamwamkia mwalimu shikamoo, akatamka bila wasiwasi wowote maneno yaliyozaa makala haya: "Mzee, kile kidude cha maji tulishakitoa, hakiwezi kuwa ndicho kinachokusumbua." Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Mlikitoa lini, mwanangu, na mlimwambia nani?" Swali hilo halikupata jibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa, na risiti ya matengenezo ilitaja oili, plagi na ufundi, basi.

Kilichofuata kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kila mwenye gari la zamani anaweza kukifanya nyumbani kwake. Fundi alitumwa kulileta kopo, na themostati ya mwalimu ikatambulika mara moja kwa mabaki ya gundi nyekundu ya gasketi ambayo mwalimu mwenyewe aliipaka alipoifunga. Ilifungwa uzi, ikaning'inizwa katika sufuria kuukuu yenye maji ya baridi bila kugusa kitako, kwa kuwa kitako cha sufuria huwa cha moto kuliko maji na humdanganya mpimaji, kisha sufuria ikainjikwa kwenye jiko la mkaa pamoja na kipimajoto. Maji yalipokaribia digrii 82, ambayo ndiyo namba iliyopigwa chapa kwenye ukingo wake, valvu ilianza kujiinua, mwanya mwembamba ukaonekana pande zote, na kabla maji hayajachemka ilikuwa imefunguka kabisa. Ilipotolewa na kuachwa ipoe, ilijifunga kama kawaida. Themostati ilikuwa nzima. Ilitolewa ikiwa nzima, ikatupwa koponi ikiwa nzima, na mwenye mali akatozwa fedha ya kuitoa.

Hoja ya mafundi wa shule hii ni kwamba injini inayochemsha inahitaji maji yazunguke kwa kasi bila kizuizi, na kwa siku chache za mwanzo hoja hiyo huonekana kuwa na mashiko, maana mshale wa joto hushuka na mwenye gari hufurahi. Hata hivyo, mshale ulioshuka haumaanishi kwamba kilichoifanya injini ichemshe kimeondoka. Rejeta iliyozibwa na kutu na chumvi za maji ya kisima bado imezibwa, mkanda wa feni uliolegea bado umelegea, na mfuniko wa rejeta uliochoka bado umechoka, isipokuwa sasa yote hayo yamefichwa mpaka siku gari litakapobebeshwa mzigo na kukutana na mlima. Zaidi ya hayo, ziko injini ambazo themostati yake ikifunguka huiziba njia ya mchepuko, yaani njia fupi inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Katika injini za namna hiyo, kuitoa themostati ni kuiacha njia hiyo wazi siku zote, hivyo sehemu ya maji ya moto huendelea kurudi injini ileile bila kupoozwa, na gari huchemsha kwa sababu ya dawa liliyopewa.

Upande wa baridi una madhara yake, na haya hayazungumzwi kabisa. Injini ya kabureta inayokwenda ikiwa baridi, kama inavyokuwa asubuhi za Julai mjini Arusha, haiwezi kuigeuza petroli yote kuwa mvuke. Sehemu yake hubaki matone, hushika kwenye kuta za silinda, huosha oili iliyopaswa kuzilinda ringi na pistoni, kisha huteremka na kuipunguza nguvu oili iliyo chini. Mvuke wa maji unaozaliwa na mwako nao hupenya pembeni mwa ringi, ukakutana na vyuma vya baridi, ukageuka maji, na maji hayo yakichanganyika na oili na asidi za moshi huzaa uchafu mzito unaoziba matundu ya oili. Injini iliyofikia digrii 80 na kukaa hapo huufukuza mvuke huo kupitia bomba la kupumulia. Kwa hiyo joto la kazi ni sehemu ya ulainishaji wa injini, na anayeinyima injini joto hilo anaila taratibu hata kama mshale unampendeza.

Inafaa hapa kueleza kwa nini mfuniko wa rejeta, ambao watu huubadilisha kwa wowote utakaoenea, ni kifaa cha hesabu. Maji hayachemki katika kiwango kimoja kila mahali: usawa wa bahari huchemka kwa digrii 100, lakini katika mwinuko wa mita 1,500, ambao ndio wa Karatu, huchemka kwa karibu digrii 95. Mfuniko wenye springi nzima huyabana maji, na kila paundi moja ya mgandamizo kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya digrii moja na nusu. Mfuniko wa gari la mwalimu ulikuwa umepoteza mpira wake wa chini, na mahali pake palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa mkasi. Gari lililopanda mlima bila mgandamizo lilipoteza akiba ambayo watengenezaji walikuwa wamelipa, na hakuna themostati inayoweza kulaumiwa kwa hilo.

Hata platini zilikuwa na neno lake. Platini ni vile vidomo viwili vidogo ndani ya distributa ambavyo hufunguka na kufunga ili kuzalisha cheche, na katika injini hii mwanya wake unapaswa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kisigino cha platini kinachosuguana na shafti kikilika, kama kinavyolika upesi pale kisipopakwa grisi, mwanya hupungua, cheche huchelewa, mwako huendelea mpaka mapitio ya moshi, na injini hupata joto lisilo na manufaa. Mwanya wa gari la mwalimu ulikuwa mdogo kiasi kwamba filageji nyembamba kabisa iliyokuwapo, yaani lile bapa la chuma la kupimia mianya, iliingia kwa kulazimishwa. Kazi hii huhitaji bisibisi, filageji na mwanga wa kutosha. Haihitaji gereji.

Lawama haiishii kwa fundi, na safu hii haitamsitiri mwenye gari. Liko kundi kubwa la wamiliki wanaolipenda gari la zamani kwa rangi yake, wanaolipeleka kunyunyiziwa rangi mpya kila panapokuwa na harusi, lakini hawajawahi kuufungua mfuniko wa oili na kutazama upande wake wa ndani. Land Rover huwadanganya watu hao kuliko gari jingine lolote, kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu, chaguo lililofanywa na kampuni ya Rover kabla ya kulionyesha gari hilo kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bodi hiyo haishiki kutu huku chesisi ya chuma iliyo chini yake ikiliwa kimyakimya, hasa kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa na pwani yote. Mwalimu huipiga chesisi yake kwa nyundo ndogo kila mwaka kabla ya masika, akisikiliza sauti, kwani chuma kizima hulia na kilichooza hakitoi mlio. Kosa lake lilikuwa moja, kuliacha gari gereji siku nzima na kurudi jioni kulichukua.

Anayedai kwamba kazi hizi ni za wataalamu peke yao atazame namna valvu za injini hii zinavyopangwa. Injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286 ina silinda nne na valvu nane, na kitabu cha matengenezo kinampa msomaji kanuni ya tisa: valvu ya nane ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho, hurekebishwa ya kwanza, ya sita ikiwa imebonyezwa, hurekebishwa ya tatu, daima namba mbili zinazojumlishwa kuwa tisa, kwa mwanya wa milimita 0.25. Mtoto wa darasa la nne anaijua hesabu hiyo. Waliolitunga gari hili walikusudia limhudumie mkulima aliye mbali na mji, ndiyo maana nati zake zinafikika kwa spana za kawaida na kitabu chake kimeandikwa kwa mtu mwenye akili timamu na mikono miwili. Havana yametunzwa kwa miongo mingi magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950, nyuani mwa watu, bila spea za kutoka kiwandani, na hayo ni magumu kuliko Land Rover.

Mfuniko wa oili wa gari la mwalimu ulipofunguliwa, chini yake palikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Utando mdogo wa aina hiyo huweza kuachwa na mvuke katika injini inayokwenda baridi, lakini dipstiki nayo ilitoka na rangi ileile, na usawa wa oili ulikuwa umepanda juu ya alama, jambo ambalo maelezo yake ya kawaida ni moja: maji yamepita kwenye gasketi ya hedi na kuingia kwenye oili. Silinda hedi itafunguliwa, itapelekwa kupimwa kama imepinda, na ikibidi itasawazishwa kwa mashine, ilhali themostati mpya, tena ya kununua dukani, ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika gari zima.

Mwalimu ameamua kuifungua hedi hiyo mwenyewe, uani kwake, kitabu kikiwa wazi juu ya bawa la mbele, na kijana yule wa gereji akiwa msaidizi wa kushika spana, kwa sharti kwamba kila kitakachotolewa kiwekwe mezani kwa mpangilio wake na kirudishwe. Gereji kwa upande wake imekwisha kumletea makadirio yake ya maandishi kwa kazi hiyohiyo. Yameorodhesha gasketi, ufundi, kusawazisha hedi, oili na chujio la oili, themostati haimo.